Walinzi wa Ngano

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu wa Rusizi: ngano ni mali iwekwayo kifuani, na walinzi wake tangu zamani ni wanawake. Jioni, chungu kikiwa motoni, bibi husema “Paukwa!” na wajukuu hujibu “Pakawa!” Na kwa kuwa nyumba nyingi za Kamembe zina lugha mbili, huenda akageukia Kinyarwanda akasema “Sakwe sakwe!” nao wakajibu “Soma!”, ndipo vitendawili vianze.

Mtu asidhani kuwa huo ni upuuzi wa kupitishia usiku. Inasimuliwa habari ya Ndabaga, binti wa Rwanda, ambaye baba yake alizeekea kambini kwa mfalme kwa kukosa mwana wa kiume wa kushika zamu yake. Binti akajifunza kutupa mishale kama wavulana, akaenda akaishika zamu ya babaye. Siri ilipofichuka, mfalme akawaruhusu wazee kama yule warudi makwao. Hata leo mambo yakiwa mazito Wanyarwanda husema yamefika kwa Ndabaga. Humo mtoto hujifunza kuwahurumia wazazi pasipo kupigwa kiboko.

Dini nayo haikuudharau ulimi wa mwanamke. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alisimulia Hadithi za Mtume zaidi ya 2,000. Ngano si Hadithi za Mtume, wala haijuzu kuzichanganya. Lakini uaminifu wa kupokea na kufikisha watakiwa katika zote mbili. Na kisiwani Pate, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, naye mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Ukahifadhiwa, hata ukachapwa kitabuni mwaka 1934.

Basi bibi afapo asisikilizwe, ngano zake huzikwa naye. Siku hizi simu na televisheni huwashika watoto jioni, na bibi huketi kimya. Yafaa kila nyumba itenge usiku mmoja wa juma kwa ngano. Na vijana wa madrasa waziandike kwa maneno yale yale ya msimulizi, pamoja na jina lake, wala wasiyasahihishe. Simu hiyo hiyo yaweza pia kuihifadhi sauti yake. Wala wanaume wasione haya kuketi wakasikiliza.

Mwenyezi Mungu awape wazee umri, na vijana usikivu. Wabillahi tawfiq.