Je, Uvivu Hurithiwa?



Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi huzitumia kwa zamu: mtoto akifaulu twasifu malezi yetu, akishindwa twalaumu damu, na aghalabu damu ya upande wa pili wa ndoa. "Huyu mvivu kama wajomba zake," husema baba, na mtoto yupo papo hapo anasikia.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili hasa kwa kuwalinganisha mapacha. Mwaka 2015 ulichapishwa mkusanyo wa tafiti za miaka 50, zilizojumlisha jozi zaidi ya milioni 14. Kwa wastani, karibu nusu ya tofauti za watu, za mwili na za tabia, zilihusiana na urithi. Basi damu ina neno lake, tusikatae. Lakini kipimo hicho chaeleza tofauti zilizomo katika kundi la watu. Hakituruhusu kumshika kijana mmoja na kusema kwamba nusu ya uvivu wake ni ya baba yake.

Tena yapo mambo yanayofanana na urithi nayo si urithi. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima maskini walisemwa kuwa wavivu kwa kuzaliwa. Walichoka upesi, nao watoto wao walisinzia darasani. Mwaka 1902 mtaalamu wa minyoo, Charles Stiles, alieleza kwamba wengi wao walikuwa na safura, ugonjwa ambao watu wetu wa pwani wanaujua tangu zamani. Minyoo yake hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu, hukaa utumboni na kufyonza damu. Magazeti yakafanya mzaha, eti kimegunduliwa kijidudu cha uvivu. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni moja. Watu wakapimwa, wakatibiwa, wakahimizwa kuchimba vyoo. Takriban watoto 4 katika kila 10 waliopimwa walikuwa na minyoo hiyo. Baada ya tiba, mahudhurio ya shule yaliongezeka zaidi palepale ambapo ugonjwa ulikuwa umezidi. Baba, mwana na mjukuu walidhaniwa wamerithishana uvivu, kumbe walirithishana kiwanja kisicho na choo.

Hatusemi kwamba uvivu haupo. Upo, na sisi mapadre twaujua vema, hasa siku ya Jumatatu. Lakini katika Injili ya Matayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu aliwakuta watu wamesimama bure hata saa ya kumi na moja. Hakuanza kwa kuwapa jina, aliwauliza sababu. Walipomjibu kwamba hawakupata wa kuwaajiri, aliwapeleka shambani.

Sisi hatukuuliza. Tulipokuwa bado padre kijana, katika parokia moja ya vijijini, alikuwako mtoto katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza aliyelala kila tulipoanza kufundisha. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake, tukaongeza kwamba ndivyo walivyo watu wa ukoo wao. Wenzake walicheka sana. Baadaye mganga wa zahanati alimfunua kope za macho, akaona weupe mtupu. Akampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na baada ya majuma machache yule mtoto alikuwa akituuliza maswali yaliyotushinda.

Tulimwomba radhi faraghani, nyuma ya sakristia, ilhali aibu tulimtia hadharani. Sasa ni mtu mzima, na huenda asubuhi hii amefungua redio. Ndugu yetu, tunakuomba radhi mbele ya wote wanaosikiliza, wewe pamoja na ukoo wako.