Huruma Uwanjani

Na tuipime kwa mizani ya insafu kadhia ya mpira wa kikapu katika shule za sekondari za Marekani: je, timu ikielemewa kupita kiasi, yafaa iwepo kanuni ya kuihurumia?

Kwanza, mfano. Januari 2009, mjini Dallas, wasichana wa Covenant School waliwafunga wenzao wa Dallas Academy, shule ya watoto wanaopata taabu katika kujifunza, pointi 100 kwa 0, hata uongozi wa washindi ukaomba radhi hadharani. Hebu mfikirieni binti aliyeinua macho wakati wa mapumziko akaona ubao wasoma 59 kwa 0. Mzazi gani asingeumia?

Kwa upande mmoja, waitakao kanuni hiyo, ambayo katika majimbo kadhaa huiacha saa itembee pasipo kusimama kila kipenga kinapolia, tofauti ikifikia pointi 30 au 40, husema kwamba mchezo wa shule ni madrasa ya murua, si mahali pa kumfedhehesha mwana wa mtu. Kwa upande wa pili, wako waonao kuwa kumfupishia mtoto mchezo ni kumdunisha, na kwamba wachezaji wa akiba, ambao aghalabu hupata wasaa mshindi akishajulikana, hudhulumiwa dakika zao.

Nami nasadiki kwamba huruma ni wajibu, ila saa haimfunzi mtu staha asiyokuwa nayo moyoni. Basi nauliza: mshindi azuiwe na kanuni, au na dhamiri yake?