MKOBA WA NJIANI: YA KUFUNGA NA YASIYOFUNGWA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Magogoni, Kisauni)

Ndugu wanachama, madereva na matanboi, na nyinyi wenzetu wa tuktuk na bodaboda mliokuja kutusikiliza,

Katibu ametutaka tuseme juu ya mkoba wa njiani, yaani vile vitu vidogo ambavyo mtu huchukua ili chombo kikimharibikia mbali na gereji aweze kukitengeneza kiasi cha kufika. Twamshukuru. Jambo hili si geni kwetu watu wa pwani. Nahodha wa jahazi hakung'oa nanga bila pamba ya kalafati, kwa maana alijua kwamba baharini hakuna fundi. Nasi wenye malori tuna bahari yetu: ni ile barabara ya kutoka Changamwe kwenda Nairobi, karibu kilomita 480, na ndani yake mna vipande ambavyo usiku huoni taa wala husikii mtu. Kati ya Voi na Mtito Andei mbuga ya Tsavo iko mkono huu na mkono huu, na ndovu hawangoji umalize kufungua jeki.

Twaanza na kitu kilicho bora kuliko vyote, nacho hakina bei: mpira wa tyubu kuukuu, ambao wengine wauita blada. Ukate vipande virefu vya upana wa vidole viwili, uvizungushe kama kibumba cha uzi, uviweke chini ya kiti. Kazi yake kubwa ni mpira wa rejeta ukipasuka. Hapo wengi huharibu kwa haraka yao. Jambo la kwanza ni kuzima injini na kungoja, nusu saa au zaidi, wala usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto; tunao wenzetu hapa wenye makovu ya uso na kifua kwa sababu hiyo, nao hawana haja ya kuulizwa. Injini ikipoa, pangusa ule mpira ukauke kabisa, kwa maana blada haishiki juu ya maji na mafuta. Anza kufunga kabla ya ufa, uvute kwa nguvu, kila mzunguko ulalie nusu ya ule uliotangulia, mpaka upite ufa kwa upana wa kiganja. Kisha kaza kwa waya juu yake. Tia maji pole pole injini ikizunguka, na kifuniko usikikaze mpaka mwisho, ili mvuke upate pa kutokea na usiusukume ule mpira. Hapo nenda mwendo wa taratibu, jicho kwenye mshale wa joto. Tepu ya plastiki peke yake haikai. Ikipata moto hulainika ikateleza.

Rejeta yenyewe ikivuja, utasikia kila mtu na dawa yake: huyu atia unga, huyu pilipili ya kusaga, huyu ute wa yai. Ni kweli huziba. Lakini huziba na vijibomba vingine vilivyo vizima, na wiki ijayo injini yachemka nawe hujui kwa nini. Kama mwaweza kuuona mrija unaovuja, afadhali kuuminya kwa koleo ukafa huo mmoja. Unga na uwe wa ugali.

Sabuni ya mche ni kitu cha pili. Tangi la dizeli likipigwa na jiwe likatoa jasho au likatona kwenye mshono, chukua kipande cha sabuni kikavu, usitie maji, usugue na kukisukuma ndani ya ufa mpaka kishike. Maji huyeyusha sabuni, lakini mafuta ya motokaa hayaiyeyushi. Ndiyo maana yakaa. Itakufikisha gereji, haitakufikisha Kampala. Na katika kazi hiyo hakuna sigara, hakuna mwenge, na waya wa betri hauguswi.

Hapa twasimama kidogo kwa ajili ya wenzetu wa malori ya petroli. Hayo yasemwayo ya sabuni si ya tangi la mzigo. Likivuja lile, au likilala ubavuni, kazi yako ni kuzima injini, kukimbiza watu, na kupiga simu. Mnakumbuka Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa wakichota mafuta ya lori lililoanguka. Mnakumbuka na Morogoro, Agosti 2019. Watu wale walikuja na madumu wakidhani ni riziki imemwagika.

Vitu vingine twavipitia kwa haraka. Waya laini wa kufungia, kwa kebo ya mafuta iliyokatika au bomba la moshi lililoning'inia. Spana zinazolingana na lori lako wewe, si za lori la jirani. Tochi ya kweli, kwa sababu simu utaihitaji kupigia, na ikiisha moto umebaki gizani na bubu. Dumu la maji la lita 20. Feni belti kuukuu: kila mnapobadilisha belti msitupe ile ya zamani ikiwa haijakatika, itieni mkobani, kwa maana kamba na soksi za wanawake ambazo watu husifia hazivuki kilomita chache. Fyuzi za akiba pia. Mtu asituletee mambo ya kuzungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiizuia, waya ndio utakaowaka, na waya umepita nyuma ya kiti chako. Toa fyuzi ya honi au ya redio ikiwa ni ya nguvu ile ile, uitie ya taa.

Springi ya majani ikivunjika, gogo la mti mgumu kati ya ekseli na chesisi, likafungwa kwa mnyororo, litakutoa barabarani. Na sisi wa Magogoni, ambao jina la mtaa wetu lina gogo ndani yake, ni aibu kusafiri bila hata moja. Gogo ni la kuweka nyuma ya gurudumu pia, kabla mtu hajaingia uvunguni. Wengi huweka mawe, na hiyo si dhambi. Dhambi ni kuondoka na kuyaacha katikati ya lami. Matawi ya miti uliyoweka kuwaonya wengine, yaondoe. Jiwe lako la saa mbili ni kifo cha mwenye pikipiki saa tano. Tena matawi si badala ya zile pembe tatu nyekundu ambazo sheria inataka uwe nazo.

Wenzetu wa hapa nyumbani wasidhani kwamba mkoba ni wa safari ya mbali tu. Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile la maboya la mwaka 1931, matatu moja ikikwama juu yake, Kisauni nzima huchelewa kazini. Mwenye bodaboda naye achukue kipande cha blada, viraka na solushoni, na kebo moja ya klachi. Hayo yatosha, na yaingia chini ya kiti.

Sasa ndugu zetu, tumefika mahali penyewe.

Yapo mambo mawili ambayo hayafungwi kwa blada, wala waya, wala akili ya mtu: breki na usukani. Twalisema hili kwa kuwa limetupata. Tulikuwa na trela lenye kontena, twaja Mombasa usiku, tumeipita Maungu na Mackinnon Road hatujaifikia. Bomba la upepo wa breki likapasuka, magurudumu ya nyuma yakakamata. Wageni katika kazi hudhani kwamba hapo breki imeharibika. La, hapo breki imefanya kazi yake. Katika malori haya upepo ndio unaoizuia springi isikaze; upepo ukitoka, springi hukaza lenyewe ili lori lisiondoke bila breki. Na kuna bolti ambayo ukiikaza huirudisha ile springi nyuma, magurudumu yakawa huru. Bolti hiyo imewekwa ili lori livutwe pembeni kwa taratibu na gari lenye breki zake. Haikuwekwa ili mtu ateremke nayo.

Tukampigia tajiri. Akasema: "Fungeni hilo bomba, rudisheni springi, mje. Meli haingoji." Tukajaribu blada, upepo ukairusha kabla hatujahesabu kumi. Akasema tena, rudisheni springi. Tukatetana sisi wenyewe pale gizani, dereva na tanboi. Na kusema kweli, aliyetaka kwenda alikuwa na hoja, kwa sababu mwaka uliotangulia tulikwisha kufanya hivyo hivyo, tukateremka Mazeras trela halina breki, tukafika Changamwe, tukajisifu kwa watu. Hatukujua kwamba tunajisifia kitu gani. Mwezi Desemba 2016, pale Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali liliwashinda katika mteremko penye matuta, likayagonga magari mengine, moto ukalipuka, watu wapatao 40 wakafa. Hilo ndilo lililoshinda yale mabishano. Tukalala pale pale. Asubuhi fundi akatoka Voi na bomba jipya, na kazi yenyewe haikumaliza saa moja.

Mwisho wa mwezi tukakuta siku mbili zimekatwa katika mshahara, na bei ya bomba juu yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi aonaye hatari kubwa iliyo karibu amwarifu mkubwa wake, na mkubwa huyo hana ruhusa ya kumlazimisha arudi kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo nayo imetaja ni nini chaweza kukatwa katika mshahara. Kuhusu mali iliyoharibika, ni ile iliyoharibiwa kwa makusudi ya mfanyakazi. Bomba lililozeeka halikuharibiwa na makusudi ya mtu. Basi shauri letu tumelipeleka kwa Katibu, na fedha hazijarudi.

Twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, kila lori liwe na mkoba, na mkoba huo ununuliwe na tajiri kama anavyonunua dizeli, usikatwe kwa dereva. Pili, mwanachama yeyote akiambiwa kwa simu arudishe springi aje, aandike saa, mahali na maneno aliyoambiwa, alete karatasi hiyo ofisini siku hiyo atakayofika, hata kama alikubali kuja. Hasa kama alikubali. Hatutamcheka, kwa kuwa nasi tulikuja.

Jumapili ijayo baada ya adhuhuri tutakuwa hapa na tyubu kuukuu tatu na visu. Mwenye kibumba kimoja atatoka nacho bure. Mwenye lori zaidi ya moja alete tyubu yake.