Kamba Haina Gundi



Ndugu zangu vijana, akina mama na akina baba, tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu. Ama baada ya hayo, leo nataka tuzungumze kuhusu kamba. Ndiyo, kamba!

Hapa Machakos nani asiyewajua akina mama wanaosuka viondo? Mama huchukua nyuzi za mkonge, akaziweka juu ya paja, akazisokota kwa kiganja. Kila uzi ni mfupi, lakini kamba inayotoka ni ndefu, na inavuta ndoo kutoka kisimani. Hebu jiulize, ndugu msomaji, ni nini kinachozishika nyuzi zile? Hakuna gundi wala fundo. Ni msuguano. Kamba ikivutwa, msokoto unazibana nyuzi, na kadiri zinavyobanwa ndivyo zinavyokataa kuteleza.

Sasa, wanasayansi wanaliuliza swali hilo hilo kwa waya zenye upana wa makumi ya nanomita tu. Nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni. Unywele mmoja una kama nanomita 80,000. Huko mambo yanageuka. Ukipunguza kitu mara 10 kila upande, uzito wake hupungua mara 1,000, lakini eneo lake la nje hupungua mara 100 tu. Basi uzito hauna neno tena, kinachotawala ni kunata. Waya mbili zikigusana hushikana zenyewe, na msuguano upo hata pasipo kitu cha kuzikandamiza.

Utaupimaje? Mizani ya dukani haifai! Watafiti hulaza waya mmoja juu ya mwingine, wakausukuma kando kwa ncha nyembamba ya sindano, huku wakitazama kwa darubini ya elektroni. Waya hupinda kwanza, ndipo uteleze. Kwa kuwa ugumu wake unajulikana, kule kupinda kunawapa hesabu ya nguvu ya msuguano. Wakitaka kujua kunata, huuvuta mpaka uachane na mwenzake.

Faida yake nini? Mwaka 2004 watafiti wa Marekani na Australia walitengeneza uzi kwa neli za kaboni zenye upana wa karibu nanomita 10. Hawakutia gundi, walisokota! Neli moja ni imara kuliko chuma, lakini zikitelezeana, uimara huo haukufai kitu. Ndiyo maana lazima msuguano upimwe.

Vijana wenzangu, wengi wetu huikimbia Fizikia tukidhani ni elimu ya watu wa mbali. Kumbe swali lake liko pajani mwa nyanya zetu. Tofauti ni kwamba wenzetu waliuliza "kwa kiasi gani?", kisha wakapima. Futari ikiisha leo, kaa na nyanya, umwulize anasokota vipi na kwa nini. Halafu kesho ukaulize darasani.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atutakabalie funga zetu. Amin.