Mkubwa ni Yule Anayeliliwa na Wasio Wake

Hotuba ya Kamati ya Jumuiya iliyosomwa Tororo katika kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia kukutana tena mahali hapa tulipofika zamani tukiwa hatuna hata sufuria. Vile vile tunawashukuru wenyeji wetu.

Mada tuliyopewa ni watu mashuhuri wa historia wanaoheshimiwa na watu wa mataifa mengi. Hatutaficha kwamba tuliipokea kwa hofu kidogo. Ndugu zetu, sisi tulikimbia kwetu kwa sababu ya majina ya watu wakubwa.

Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30. Jirani ambaye tulikuwa tukiazimana naye chumvi akatuuliza: "Mtu wenu ni nani?" Kabla hatujajibu, jibu lilikuwa limekwisha kusomwa katika majina yetu. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na zaidi ya laki sita wakahama makwao. Sisi tulioingia Uganda tulikuwa kiasi cha watu 12,000. Wengi tulipitia Busia na Malaba. Wako kati yetu waliovushwa kwa baiskeli za boda boda, ambazo jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani, na wako waendeshaji waliokataa kupokea nauli. Tukapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye katika mwaka huo huo wa 2008 wengi wetu tukahamishiwa Kiryandongo.

Mwaka uliofuata kamati ilitaka kuvipa vitongoji vya kambi majina ya watu mashuhuri, ili watoto wajifunze. Tulidhani ni kazi ya mchana mmoja. Kikao kilianza saa nane, na saa tisa kilikuwa kimevunjika. Kila kikundi kilikuja na mtu wake na kumtukana mtu wa wenzake. Mzee mmoja alisimama akasema, "Majina haya ndiyo yaliyochoma nyumba zetu, na ninyi mnataka kuyabandika mlangoni?" Tukaondoka kimya.

Juma lililofuata tulirudi na masharti matatu:

1. Anayetajwa awe amekwisha kufariki.
2. Anayemtaja asiwe wa kabila lake wala wa dini yake.
3. Aeleze jambo ambalo mtu huyo aliwatendea watu wasio wake.

Hayo masharti ndiyo yaliyotufundisha tunayotaka kuyasema leo.

Jina la kwanza lilikuwa la Nabongo Mumia wa Wanga, aliyefariki mwaka 1949. Nchi yake ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa. Misafara ya Waswahili na ya Wazungu ilipumzika kwake na kupata chakula, na wengi walimsifu kwa ukarimu. Lakini mama mmoja wa Bungoma aliomba nafasi. Akatukumbusha kwamba mwaka 1895 Waingereza walipowapiga Wabukusu, askari wa Wanga walikuwa upande wa Waingereza. Hakusema kwa hasira. Alisema kwamba kwao habari hiyo husimuliwa hadi leo.

La pili lilikuwa la Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeingia nchi hizi za Bukedi kwa ajili ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mji wa Mbale ulikua kutokana na makao yake. Mwaka 1919 alianzisha dini ya Abayudaya, na Wayahudi wa nchi za mbali hufika karibu na Mbale kuwatembelea waumini hao. Hata hivyo, waulizeni wazee wa Tororo juu ya mawakala wa Kiganda waliowekwa kuwatawala babu zao. Watawaambia sura nyingine ya mtu huyo huyo.

Hatukuwafuta watu hawa katika masomo ya watoto, kwani ni historia yetu. Ila tulijifunza jambo: ukitaka kumjua mtu mkubwa, usiwaulize watu wake peke yao. Muulize na jirani yake.

Sasa tuje kwa wale waliovuka mtihani huo.

Kijana Mluhya alimtaja Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi. Wakati wa Idi Amin, askofu huyu hakunyamaza watu walipokuwa wakikamatwa na kupotea, na hakuuliza kwanza ni wa kabila gani. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977. Askofu Yona Okoth, wa hapa Bukedi, alikuwa mmoja wa waliokwenda uhamishoni, akarudi, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu. Miaka hiyo wananchi wengi wa Uganda walivuka Busia na Malaba kuingia Kenya, wakapokewa. Njia tuliyoijia sisi ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wenyeji wetu, ila wao walikuwa wakielekea upande wa pili. Mwaka 1998 sanamu ya Luwum iliwekwa mbele ya kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na ya Martin Luther King na ya Oscar Romero. Na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko katika Uganda nzima.

Mama wa Kikisii alimtaja Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Kabila lake, Wazanaki, ni dogo, na hakulifanya ngazi ya kupandia. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 alipewa Nishani ya Nansen, inayotolewa kwa waliowatumikia wakimbizi. Alikuwa na makosa yake, na Watanzania waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa wanayajua. Lakini mkimbizi aliyegonga mlango wake hakuulizwa kabila.

Hapo watoto wakauliza, huyo Nansen ni nani? Mwalimu wetu akaeleza. Fridtjof Nansen alikuwa Mnorwe, msafiri wa nchi za barafu. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa lilimfanya Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, wa kwanza duniani. Aliona kwamba mkimbizi asiye na karatasi ni kama mtu asiyezaliwa. Mwaka 1922 ikaanzishwa hati ya kusafiria iliyoitwa pasi ya Nansen, ikakubaliwa na serikali zaidi ya 50. Warusi na Waarmenia kwa maelfu walivuka mipaka kwa hati hiyo. Kila mmoja wetu aliyekaa kwenye foleni juani akingoja karatasi yenye jina lake anaelewa kwa nini Mnorwe huyu alipata kitongoji bila mtu kupinga.

Jina la Kofi Annan lilikataliwa mwaka ule kwa sharti la kwanza, maana alikuwa hai. Tulingoja hadi alipofariki mwaka 2018. Mghana huyu, pamoja na Mzee Benjamin Mkapa wa Tanzania na Mama Graça Machel wa Msumbiji, aliwakalisha mezani wakubwa wetu wa Kenya hadi wakatia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008. Mkimbizi mmoja wa Rwanda alitukumbusha mwaka 1994, wakati Annan alipokuwa msimamizi wa majeshi ya amani ya Umoja wa Mataifa na watu wakaachwa wafe. Tulimsikiliza hadi mwisho. Annan mwenyewe alikiri baadaye kwamba angeweza kufanya zaidi. Ndugu huyo akasema, "Mwandikeni, lakini waambieni watoto yote mawili." Ndivyo tulivyofanya.

Kitongoji kimoja kilikuwa kimebaki bila jina. Mama mmoja aliyevuka Busia akiwa na mtoto mgongoni akapendekeza kiitwe Mwenyeji, kwa heshima ya Jopadhola, Wateso na Wasamia waliotupa posho na maji kabla gari lolote la msaada halijafika. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba wenyeji wako hai, na sharti la kwanza linakataza. Mama akajibu, "Basi sharti livunjwe, wao waishi." Tulicheka, tukapiga makofi, na kikao hakikuvunjika.

Ndugu zetu, hatuna budi kumaliza. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nasi tumeona kwamba mtu mkubwa ni yule ambaye akifa hata wasio wake humlilia. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wazazi, mnapowasimulia watoto habari za mashujaa wa kabila lenu, wasimulieni na shujaa mmoja wa kabila lililowafukuza, maana yupo. Vijana, wakati wa kura ukifika, hapa au kule nyumbani, msikubali kumpiga jirani kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lako halijui. Mwacheni afe kwanza, halafu tuulize ni akina nani wanaomlilia.

 Mungu awabariki wenyeji wetu, na Mungu atujalie amani pande zote mbili za mpaka.