Nani anajua kazi ya hatari? Maneno yetu mu kikao cha Kamalondo



Leo hatukuje juu ya umeme wala barabara. Tunazungumuza juu ya batu benye banafagia mu lupitalo, benye banafua mashuka ya bagonjwa, benye banabeba takataka za sindano na benye banazika maiti wakati wa magonjwa ya kuambukiza. Wengi ni vijana kama sisi, wanalipwa kwa siku, bila mkataba. Siku kazi nzuri inatokea, mwajiri anauliza: breve yako iko wapi? Hakuna. Miaka yote ya kushika javeli haikuandikwa fasi yoyote. Na kando yake iko mwingine, alinunua atestasio bila kuvaa glavu hata siku moja, njo yeye anakamata kazi.

Kuwa na diploma pia haitoshi. Mu Kikwit, mwaka 1995, Ebola ilishika batu 315, na karibu 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya. Bamunganga na bauguzi walikuwa wamesoma vizuri. Walichokosa ni vifaa na mazoezi ya kujikinga. Vilipofika, maambukizo kati yao yalishuka sana. Ku mashariki, 2018 mpaka 2020, wafanyakazi wa afya 171 waliambukizwa tena.

Sasa mutu anahakikisha aje kwamba anajua? Mpe ndoo ya litre 20 na klori ya unga ya 70%, mwambie atengeneze maji ya 0.5% ya kusafisha damu. Mwenye kujua atapima karibu gramu 140. Mwenye kumwaga kwa jicho, bado. Kiisha, avue nguo za kinga mbele ya mwenzake mwenye kumwangalia. Kuvua njo kwenye hatari kuliko kuvaa, juu upande wa nje wa glavu umekwisha kushika ugonjwa. Mwisho muulize: sindano ikikuchoma, unafanya nini? Atajibu kwamba ananawa kwa maji na sabuni, hakamui damu, anatoa ripoti palepale, na anatafuta dawa ya kuzuia virusi ya SIDA mbele saa 72 hazijapita.

Hesabu yenyewe inatisha. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa hepatiti B inaweza kuambukiza mpaka batu 30 kwa 100 wasio na chanjo. Kwa SIDA ni karibu 3 kwa 1,000. Na chanjo ya hepatiti B iko! Tuulizane basi, kati ya wafagiaji wa mji huu tunaowajua, nani amechanjwa?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamdai mwajiri alinde usalama na afya ya mfanyakazi. Mwezi wa 6, 2025, mu Geneva, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha mkataba namba 192 juu ya hatari za vidudu mu kazi. Lakini lazima kila nchi iuridhie kwanza.

Tunaomba INPP ipime benye banafanya tayari hii kazi, kwa mikono yao, bila kuwarudisha shule miaka mingi. Karatasi iwe na namba na tarehe ya kuisha, juu ujuzi usiotumika unapotea. Gharama ikuwe ya mwajiri. Na tuseme wazi: hiyo karatasi isigeuke kisingizio. Kama glavu zimekwisha mu depo, tusije kusikia eti mfanyakazi "alikuwa anajua".

Kuanzia leo tunaandikisha. Kila mwenye kufanya hii kazi atuambie alianza lini, anashika nini, nani alimfundisha, na kama alishachomwa na sindano. Majina ya bagonjwa hatuyataki. Barua itaenda ku Ukaguzi wa Kazi Jumatatu, na nakala ku INPP. Wenye kuogopa kufukuzwa watuone pembeni kiisha kikao. Majina yao hayatatoka mu barua.