Fremu Haikatwi

Leo nina kisa cha baiskeli tu.

Nilipoanza kusambaza mikate, nilinunua baiskeli ya mtumba hapa Msimbazi. Bei ilikuwa poa, sikuijaribu. Kumbe fremu kubwa! Nikikaa, ncha za vidole ndo zinafika kwenye pedali. Nikashusha kiti mpaka mwisho, nikavuta usukani karibu. Wiki ya pili magoti yakagoma. Siku moja kwenye foleni nikafunga breki, mguu haukufika chini. Mimi na mikate, puu!

Fundi mmoja mzee akanambia: "Mwanangu, kiti kinashuka, usukani unasogea, fremu haikatwi. Tafuta fremu ya kimo chako, nikuhamishie magurudumu, mnyororo na breki." Nikatafuta, akahamisha. Mpaka leo naendesha.

Sasa wenzangu, Katiba yetu ni ya 1977, fremu iliyochomelewa kwa kimo cha chama kimoja. Vyama vingi vikarudi 1992, na tangu hapo tunashushiwa kiti tu, kiraka huku, kiraka kule. Tukianguka, tunaambiwa hatujui kuendesha!

Na kimo tulishapimwa. Tume ya Jaji Warioba ilikusanya maoni nchi nzima. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, haijapigwa mpaka leo.

Hatutaki kutupa kila kitu. Magurudumu mazima tutayahamisha. Ila ukirudi mtaani kwako, usiombe kiti kishushwe tena. Dai fremu.